Maswali ya Jikoni: Mkate wa Sufuria Unaungua Chini, Ndani Mbichi

SWALI: Shikamoo, Mama. Nyumbani nina unga wa ngano, hamira, sukari, chumvi na mafuta ya kupikia, lakini sina oveni, kwa hiyo huoka mkate kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Kila mara unatoka mzito, chini umeungua na katikati ni mbichi. Nimejaribu kuzidisha hamira, ukaishia kunuka hamira tu. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vitu ulivyo navyo vinatosha kabisa. Kwa unga nusu kilo, tumia vijiko 2 vya chai vya hamira kavu, kijiko 1 cha chakula cha sukari, kijiko 1 na nusu cha chai cha chumvi, vijiko 2 vya chakula vya mafuta na maji ya uvuguvugu yapatayo mililita 300. Maji yasikuchome ukichovya kidole, kwa sababu hamira ni chembe hai na maji ya moto huiua. Ikiwa pakiti ilifunguliwa siku nyingi, koroga hamira kwanza na sukari katika maji hayo. Isipotoa povu baada ya dakika 10, itupe.

Uzito wa mkate wako nadhani unatokana na unga unaonyunyiza wakati wa kukanda. Sisi tuliozoea kukanda chapati hatuvumilii donge linalonata, tukaongeza unga mpaka likakaza, ilhali donge la mkate hulainika lenyewe likikandwa dakika 10 hadi 12. Jipake mafuta viganjani badala ya unga, na uendelee mpaka kipande kidogo ukikivuta kwa vidole kitanuke kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika. Lifunike hadi liumuke maradufu. Kwa joto la Tanga saa moja kwa kawaida hutosha, ingawa mwenzako wa Njombe wakati wa baridi huenda akangoja saa mbili. Litoe hewa, liviringishe, liweke katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta lisipite nusu yake, kisha uliache liumuke tena kama nusu saa.

Sasa moto, ambao ndio chanzo cha kuungua. Tandaza mchanga mkavu na safi, unene wa vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa nzito, uifunike na kuipasha moto kwa robo saa, ndipo utumbukize sufuria ya mkate juu ya mchanga. Funika kwa sinia, kisha palia makaa juu yake kama tunavyopalia wali. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo uso wa mkate utabaki mweupe huku kitako kikiungua. Fanya kazi hii nje au penye hewa ya kutosha, maana moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Usifunue kabla ya dakika 25 kwisha. Zikifika 40 hivi, chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, utoe mkate na ugonge kitako chake kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Mlio ukiwa mzito, urudishe kwa dakika 10. Uache upoe juu ya ungo kama saa moja kabla ya kuukata, kwani mkate wa moto hugandamana kwenye kisu na kuonekana mbichi hata kama umeiva.