Maswali Yenu: Damu imesema niko safi, kamera ya nini tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 52, juzi nimepima kile kipimo kipya cha damu cha kutafuta kansa ya utumbo mpana, majibu yakatoka safi kabisa. Sasa mdogo wangu kaning'ang'ania eti bado niende nikapigwe kamera ya utumbo, ile ya mpira unaoingizwa njia ya haja kubwa, mi naona ni kujitesa tu, kunywa yale madawa ya kuharisha usiku kucha ya nini? Alafu hivi damu ya mkononi inajuaje kilichopo tumboni?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho maana ndo tamu.

Seli za mwili zinakufa kila siku, na zikifa DNA yake, yani ile chembe inayobeba maelekezo ya urithi, inakatikakatika, vile vipande vinaelea kwenye damu kwa muda mfupi tu alafu mwili unavisafisha. Si habari mpya, Mandel na Métais waliviona huko Ufaransa mwaka 1948, ila ilipita miaka kibao ndo watu wakashtuka kwamba uvimbe wa kansa nao unamwaga vyake humohumo, tena vikiwa na alama zake. Kazi ya maabara ni kuviokota katikati ya lundo la vipande vya seli zako zisizo na kansa. Shughuli iko hapo, manake uvimbe ukiwa bado mdogo, kwenye vipande elfu unaweza usipate hata kimoja cha kwake.

Sasa kamera. Kipimo cha damu kiitwacho Shield, ambacho FDA, mamlaka ya dawa na vipimo ya Marekani, ilikipitisha Julai 2024 kwa watu wa miaka 45 na kuendelea wasio na dalili, kilijaribiwa kwa watu karibu 8,000, waliokutwa na kansa ni 65 na chenyewe kikawadaka 54, asilimia 83, si haba. Lakini vile vinyama vikubwa vinavyoota utumboni ambavyo ukiviacha vinaweza kugeuka kansa? Kilidaka asilimia 13 tu! Hapo ndo mdogo wako kakushinda, kwa sababu kamera inaviona na daktari anavikata palepale, we umelala zako.

Na kuna upande wa pili hausemwi sana. Wasio na kansa, kama asilimia 10 kiliwaambia wanayo. Piga hesabu mwenyewe: tuseme wamepima watu 1,000 na wenye kansa ni watano, kitawadaka wanne hivi, alafu wengine kama 100 watapewa presha ya bure mpaka kamera ije iwasafishe. Kwahiyo ukitoka safi ama usipotoka safi, kamera haijafa.

Sisemi umepima bure, anayeikimbia kamera miaka yote bora apime damu kuliko kukaa tu. Ila kama unaona damu chooni au kwenu kuna mtu aliugua kansa hiyo, we nenda kwenye kamera moja kwa moja.

Mimi binafsi naona huku kusaka vipande vya uvimbe kwenye damu kuna maana zaidi kwa mtu ambaye kansa yake inajulikana tayari. Australia walichukua wagonjwa 455 wa kansa ya utumbo mpana hatua ya pili waliokwisha kufanyiwa upasuaji, kundi moja wakaamuliwa kwa damu, yani vipande vya uvimbe vikionekana ndo unapewa kemo, zile dawa kali za kuua kansa, visipoonekana unaachwa, na kundi lingine wakaenda kwa utaratibu wa kawaida. Majibu yalitoka 2022: kundi la damu waliopewa kemo ni asilimia 15, lile lingine 28, na baada ya miaka miwili ugonjwa haukuwarudia zaidi ya wenzao. Watu wamekwepa sumu ile bila hasara, hilo ndo lilinifurahisha.

Kuhusu madawa ya kuharisha, mwambie daktari akugawie, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku yenyewe. Utumbo unasafika vizuri kuliko ukibugia yote usiku, na angalau utapata usingizi kidogo.