Anza na malalamiko dhidi ya mfalme

Dada, umeuliza umfundisheje mwanao wa darasa la tano jinsi mapinduzi ya Marekani yalivyounda serikali yao, maana tarehe anazikariri tu bila kuelewa. Mimi ningeziacha tarehe kwanza. Azimio la Uhuru la Julai 4, 1776, sehemu yake kubwa ni mashtaka dhidi ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, aliyewatawala Wamarekani wakati huo. Chagueni mashtaka machache, kisha mtafute pamoja majibu yake kwenye Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787.

Wamarekani walitozwa kodi bila ridhaa yao, ndiyo maana miswada ya kodi huanzia Baraza la Wawakilishi, linalochaguliwa na wananchi. Majaji walimtegemea mfalme kwa ajira na mshahara, hivyo Katiba ikakataza mshahara wa jaji kupunguzwa akiwa kazini. Ila watoto hupenda zaidi lile la askari wa mfalme kupewa makazi kwao. Muulize: askari wakija leo kulala sebuleni kwetu, tutawazuia kwa kifungu gani? Akitafuta atakuta Marekebisho ya Tatu ya Katiba, ya mwaka 1791, na hatayasahau.

Halafu, tafadhali, usimfiche utumwa. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio hilo, aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa huku akimiliki watumwa, na Katiba ile ikawahesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Mtoto atauliza ilikuwaje. Mweleze ukweli, kisha mfungulie Marekebisho ya Kumi na Tatu, ya mwaka 1865, yaliyopiga marufuku utumwa.