Kabla ya Kuigiza Kafyu kwa Kompyuta, Hesabu Watu Stejini

Ukitaka kujua kama kafyu inapunguza maambukizi ya korona Kisumu, chunguza data kwanza. Visa vinavyotangazwa kila siku hufuata idadi ya vipimo: maabara ikiishiwa na vitendanishi (kemikali za kupimia), takwimu hushuka ilhali ugonjwa unapanda. Uchunguzi wa wachangia damu nchini mwaka 2020 ulikadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili za korona, yaani ishara kwamba waliwahi kuambukizwa, wakati visa vilivyothibitishwa vilikuwa maelfu machache tu. Kwa hiyo pima modeli yako, yaani uigizaji wa ugonjwa kwa kompyuta, kwa idadi ya wanaolazwa hospitalini, wastani wa siku 7.

Modeli yenyewe si nzito. Wagawe wakazi 1,155,574 wa kaunti (sensa ya 2019) katika makundi manne: wasioambukizwa, walio na virusi lakini bado hawaambukizi, wanaoambukiza, na waliopona. Mgonjwa akiambukiza watu 2.5 kwa siku 5, kiwango cha maambukizi ni watu 0.5 kwa siku.

Kazi ipo kwenye kafyu. Wengi huiandika kama kukata mikutano yote kwa asilimia 30, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Juni 2021 kafyu ya kaunti 13, Kisumu ikiwemo, ilianza saa moja jioni. Mama aliyeuza omena soko la Kibuye bado alilazimika kurudi mtaa wa Nyalenda, ila sasa alipanda matatu kabla ya saa moja, pamoja na umati mzima wa soko. Tuseme mtu hukutana na watu 12 kwa siku: 4 nyumbani, 4 sokoni, 2 garini, 2 matembezini jioni. Kafyu ikifuta wale 2 wa jioni na kuongeza 1.5 garini, wanabaki 11.5. Umepunguza asilimia 4 tu, na mvua ikinyesha madirisha yakafungwa, hao wa garini wana hatari zaidi kuliko wa sokoni.

Basi simama kwenye steji ya matatu ya Kondele kuanzia saa kumi jioni, siku 7 mfululizo, Jumapili usiiruke maana ndipo Kibuye hufurika. Hesabu abiria kwa kila gari: la viti 14 liliruhusiwa 8, lakini unachoandika ni waliopanda kweli. Data ya simu kuhusu mienendo ya watu isikutoshe. Wauzaji wengi hawamo.

Endesha modeli mara 500 bila kafyu na mara 500 ukiwa nayo, kwa namba zilezile za nasibu (bahati ileile kwa kila jozi), kisha toa tofauti jozi kwa jozi. Wanaolazwa wakipungua siku ya tatu, kafyu haihusiki. Athari yake huchukua kama wiki mbili kufika wodini. Na ripoti ya kaunti iandike vitanda vya oksijeni vilivyookolewa, kutoka makadirio ya chini hadi ya juu, badala ya tarehe ya kilele cha maambukizi.