Viti vya mapacha kwenye pikapu: maswali yenu

Tangu niandike kuhusu mikanda ya viti mwezi uliopita, maswali yanayozidi kuniingilia ni ya wenye pikapu waliojaliwa mapacha. Hapa Nairobi pikapu ni gari la kila kitu: alfajiri inabeba nyanya kutoka soko la Wakulima, jioni inapeleka familia nyumbani. Mimi ni fundi, na pia ni baba wa mapacha, kwa hivyo maswali haya nimeyasoma moja baada ya jingine bila kuruka hata moja. Nimechagua haya.

*Fundi, mke wangu amejifungua mapacha, na Ijumaa wanaruhusiwa kutoka hospitalini. Nina singo kebini, dereva na abiria wawili. Tulipanga mke wangu ampakate mmoja na mama mkwe ampakate wa pili. Rafiki yangu anasema ninunue viti viwili vya watoto. Vitaingia? – Baba Mapacha, Kayole*

Hongera sana, baba. Rafiki yako amekushauri vyema kuhusu viti, ila kwenye hiyo kebini naona vitakushinda. Chukua futi ya kupimia uingie nayo ndani ya gari. Viti vingi vya watoto wachanga vina upana wa karibu sentimita 44, kwa hivyo viwili ni 88, na wewe bado unahitaji nafasi ya bega na mkono. Ukiona vimebanana mpaka kimoja kimeinuka juu ya kingine, hapo hujafunga kiti hata kimoja.

Nafasi ya katikati ina mambo yake. Singo kebini nyingi zina mkanda wa kiunoni tu pale katikati, na viti vingi vya wachanga vimetengenezwa kwa mkanda wa pointi tatu, ule unaopita kiunoni na begani. Soma kibandiko cha kiti: kama hakikuruhusu mkanda wa kiunoni peke yake, nafasi hiyo si yake. Halafu kuna gia. Keti kwenye usukani, weka kiti cha mtoto katikati, kisha ingiza gia ya pili, halafu ya nne. Zote mbili zinavutwa kuelekea kwako, na kiwiko au ngumi yako itagonga kiti kila mara. Kwenye msongamano wa Jogoo Road gia ya pili unaiingiza mara ngapi?

Inabaki nafasi ya dirishani, na hiyo ni ya mtoto mmoja, tena kwa sharti. Mtoto mchanga hufungwa akitazama nyuma ya gari. Kama mbele yake kuna eabegi inayofanya kazi, ule mfuko wa hewa unaojaa gari likigonga, usimweke hapo kabisa. Eabegi hufumuka kwa kasi kubwa mno, na itapiga mgongo wa kiti, pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Angalia dashibodi upande wa abiria. Baadhi ya pikapu zina swichi ya kuzima eabegi kwa ufunguo wa gari. Izime, uwashe gari, uhakikishe taa ya kuonyesha imezimwa inawaka. Kama eabegi ipo na swichi haipo, usikubali fundi akuambie atachomoa fyuzi mambo yaishe. Nafasi hiyo iache.

Wangu walipozaliwa nilikuwa na singo kebini kama yako. Nilibadilishana gari na kaka yangu: yeye akachukua pikapu, mimi nikachukua gari lake dogo lenye viti vya nyuma, na tuliishi hivyo kwa miezi mingi. Kwa Ijumaa hii azima gari, au kodi teksi yenye viti vya nyuma na ufunge viti viwili humo, mmoja kila dirisha. Mama mkwe aje na gari lingine. Pikapu ikafanye kazi yake ya mizigo.

*Na nikitandika godoro huko nyuma, nifunge turubai, mama akae na watoto? – Embakasi*

Hapana, ndugu. Huko nyuma hakuna mkanda, hakuna kiti, na bodi yake imeundwa kushika mizigo. Zaidi ya hapo, moshi wa ekzosi huingia chini ya turubai na kukaa humo, na mapafu ya mtoto mchanga ni madogo mno kwa hewa hiyo.

*Fundi, mimi nina dabo kebini. Nimenunua viti viwili vipya lakini kila nikivifunga vinayumba, na watoto wanainamisha vichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Shida ni gari au ni mimi? – Mama Pacha, Ruiru*

Dada, hilo la kidevu tulianze, maana ndilo la haraka. Mtoto mchanga hana nguvu ya shingo. Kiti kikisimama wima mno, kichwa kinaanguka mbele na njia ya hewa inajikunja, na mtoto anaweza kushindwa kupumua bila kutoa hata sauti. Ukiona kidevu kimegusa kifua, simamisha gari mahali salama umrekebishe. Kwa mchanga, kiti kinatakiwa kilale nyuma kama nyuzi 45. Viti vingi vina mstari au kidude chenye kiputo ubavuni cha kuonyesha pembe hiyo, lakini kisome gari likiwa mahali tambarare, si kwenye mteremko wa lango lako.

Sasa gari. Kiti cha nyuma cha dabo kebini nyingi kimesimama karibu kama ukuta, na sehemu ya kukalia ni fupi, tena imeinama kuelekea nyuma. Ndiyo sababu kiti kilekile kikifungwa kwenye gari dogo kinalala vizuri, kwako kinasimama. Kama kitabu cha kiti kinaruhusu, kunja taulo liwe mviringo mgumu, ulisukume pale sehemu ya kukalia inapokutana na mgongo wa kiti cha gari, ndipo uweke kiti cha mtoto juu yake. Taulo moja au mawili hutosha. Usitumie mto wala sponji, kwa sababu vinabonyea na pembe inapotea. Kagua pia kitako cha kiti cha mtoto kisining'inie sana nje ya kiti cha gari.

Kuyumba kunatokana na mkanda. Wiki jana alikuja baba mmoja gereji na dabo kebini, viti viwili nyuma, akaniambia vimekaza. Nilishika kimoja pale mkanda unapopita nikakisukuma, kikatembea upana wa kiganja. Mkanda alikuwa ameupitisha kwenye alama nyekundu, ambazo ni za mtoto anayetazama mbele. Mtoto anayetazama nyuma hufuata alama za buluu. Tuliutoa, tukaupitisha upya, nikabonyeza kiti kwa goti na uzito wangu wote huku yeye akivuta mkanda mpaka vidole vikawa vyeupe. Tulipomaliza nilikisukuma tena mahali palepale, na kiti kikavuta gari kidogo kwenye springi zake. Hapo ndipo unapojua. Kipimo chenyewe ni hiki: pale mkanda unapopita, kiti kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote.

Kama mkanda unalegea tena kila baada ya muda, jaribu kuuvuta wote mpaka mwisho kabisa kisha uuachie taratibu. Kwenye baadhi ya magari utasikia tik-tik-tik ukirudi, maana yake umejifunga na hautalegea. Kama dabo kebini yako ina vishikio vya Isofix, yaani vyuma ndani ya kiti cha gari vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda, na kiti chako kina miguu yake, tumia hivyo. Mara nyingi viko nafasi mbili za dirishani, ambazo ndizo za mapacha wako.

Baada ya kiti, mtoto. Mikanda ya ndani ianzie usawa wa mabega yake au chini kidogo, isianzie juu. Funga, kisha jaribu kubana mkanda kwa vidole viwili pale begani. Ukipata mkunjo, bado umelegea.

*Mama mkwe anasema yeye alilea watoto tisa mikononi na mgongoni, na viti hivi ni mambo ya wazungu. Simkosei heshima, lakini nimjibu nini? – Kangemi*

Mama yangu naye aliniambia maneno hayo hayo, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa anasema ukweli wa maisha yake. Alipolea, alitembea kwa miguu, na mgongo wa mama ukitembea ni mahali pazuri sana pa mtoto. Ni kasi iliyobadilisha mambo.

Nilimwonyesha kwa hesabu ya gunia. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, halafu ligonge kitu na kusimama ndani ya nusu mita hivi, mtoto wa kilo 4 anavuta mikono kama mzigo wa kilo 80. Hilo ni karibu gunia zima la mahindi, linalorushwa mbele ghafla. Nikamuuliza, "Mama, utalishika?" Alinyamaza. Kwa namna nyingine, mgongano wa kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, ghorofa ya tatu. Na aliyempakata mtoto bila mkanda ni hatari zaidi, maana mwili wake mwenyewe humbana mtoto kwenye dashibodi.

Mweleze pia kwa nini anatazama nyuma: kichwa cha mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na shingo bado laini. Akitazama nyuma, mgongo wote, shingo na kichwa hupokea nguvu kwa pamoja kwenye kiti. Mkumbushe tu kwa upole kwamba hata sisi watu wazima tulikuwa hatufungi mikanda kwenye matatu mpaka kanuni za 2004 za waziri wa uchukuzi Michuki, na leo yeye mwenyewe hufunga. Halafu mpe kazi: awe ndiye anayekagua mikanda kabla ya gari kuondoka. Mama yangu alipopewa kazi hiyo hakuna aliyethubutu kuwasha injini kabla yake.

*Pikapu yangu ina vile viti vidogo vya kukunjua nyuma ya dereva, vinatazamana ubavuni. Nifunge hapo? – Kitengela*

Hapana. Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kiti cha gari kinachotazama ubavuni, hata kama mkanda upo.

*Niliona viti viwili vya mitumba Gikomba, bei nzuri sana. Ninunue? – Baba Wawili, Umoja*

Ningekuwa mimi, kwa mtu nisiyemjua nisingenunua. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililogonga kinaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni, na muuzaji wa mitumba hajui historia yake. Cha dada yako au jirani unayemwamini ni jambo jingine. Kigeuze chini: kuna tarehe ya kutengenezwa, na mara nyingi tarehe ya kuisha muda. Plastiki huchoka kwa jua, na gari lililoegeshwa juani siku nzima ni tanuri. Tafuta kibandiko cha rangi ya chungwa chenye R44/04 au R129. Hivyo ni viwango vya Ulaya, na R129 ndicho kipya, kinachodai mtoto atazame nyuma angalau mpaka miezi 15. Kiti kisicho na kibandiko, au chenye mikanda iliyoshonwa upya kwa uzi wa fundi viatu, kiache hapo hapo.

*Mapacha wangu walizaliwa kabla ya wakati. Mmoja ana kilo 2.1. Kiti ni kikubwa kwake, anazama. – Mama Njiti, Kawangware*

Pole kwa safari ya kule wodini, mama. Kwanza angalia uzito wa chini ulioandikwa kwenye kiti. Baadhi huanzia juu ya kilo 2.1, na hicho hakimfai bado. Pili, kabla ya kuruhusiwa, mwombe daktari au muuguzi amtazame akiwa ameketi kwenye kiti chenyewe kwa muda, waone pumzi na rangi yake. Watoto njiti huweza kupata shida ya kupumua wakikaa nusu wima, na hospitali ndipo mahali pa kulijua hilo. Kujaza nafasi, tumia tu mito midogo iliyokuja na kiti hicho, au leso iliyokunjwa kila ubavu wa kichwa, nje ya mikanda. Usiweke chochote chini yake wala nyuma ya mgongo wake. Mtu mzima aketi karibu anapoweza kumwona. Safari iwe fupi, na mkifika mtoeni alale chali kitandani. Kiti cha gari si kitanda.

*Julai huku Limuru ni baridi kali. Navalisha koti nene kisha nafunga? – Limuru*

Vua koti, funga mikanda, halafu mfunike blanketi juu ya mikanda, shingoni likae chini ya kidevu. Koti nene hubonyea gari likisimama ghafla na mkanda unabaki umelegea.

*Pesa yangu inatosha kiti kimoja tu mwezi huu. Nimweke nani? – Baba Pacha, Githurai*

Swali hili limenigusa. Usiwaweke wawili kwenye kiti kimoja, na usichague mmoja wa kubaki mikononi. Mpaka kiti cha pili kipatikane, gari libebe mtoto mmoja kwa safari moja. Mmoja akiugua usiku, aliye mgonjwa aende kwenye kiti, mwingine abaki na mtu nyumbani. Waulize kanisani au kwenye chama kama kuna aliyekuza mtoto na kiti kimelala darini, ukague kama nilivyomweleza Baba Wawili. Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote ni za watoto wote wawili, lakini kituo cha afya mara nyingi hakiko mbali. Funga mmoja mgongoni, mama amfunge wa pili, mwende kwa miguu, na gari libaki nyumbani.