Ukipanga shehena, mfikirie atakayeipakua

Wadogo zangu mnaoanza ukarani wa shehena, uzito na ujazo mtavijua haraka. Swali gumu ni hili: mzigo huu anaupokea nani, na ana nini? Kreni, tishali (chombo cha kupakulia meli isiyofika gatini), au kichwa chake tu?

Mimi nililijua kwa aibu. Magunia 80 ya mchele ya kushuka kwanza Mkoani, bandari ya Pemba, niliyaweka chini, juu yake nikapanga mabati ya Unguja. Makuli wa Pemba walihamisha mabati usiku kucha. Asubuhi hakuna aliyeitikia salamu yangu.

Mzee aliyenifundisha kazi hakunigombeza. Alinisimulia habari ya meli mbili za Wajerumani za Vita vya Kwanza.

Rubens ilikuwa meli ya Waingereza, ikanaswa Ujerumani 1914. Ikapewa jina la Kronborg na bendera ya Denmark, ikapakiwa makaa ya mawe ya manowari Königsberg iliyokwama delta ya Rufiji, pamoja na silaha za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Sitahani ziliwekwa mbao za kuzugia. Aprili 1915 manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaifuma karibu na Tanga. Nahodha Christiansen akakimbilia ghuba ya Manza, akafungulia maji yaingie, akawasha moto zile mbao. Waingereza walipoona moshi ule wakadhani imekwisha, wakaondoka. Hapo ndipo kazi ilipoanza! Silaha ziliopolewa na Wajerumani kwa wiki nyingi, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafumuliwa, baruti ikaanikwa. Hata hivyo, nyingine ziligoma vitani. Makaa hayakufika Rufiji.

Meli ya pili, Marie, iliingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916. Aliyeipakia alijua kwamba Sudi hakuna gati wala reli, hivyo shehena ilifungwa tangu Ulaya kwa vipimo vya mpagazi mmoja. Waingereza walipokuja kuipiga mabomu mwezi uliofuata, tumbo lilikuwa tupu. Meli ikatoroka, ikafika Batavia (Jakarta ya leo).

Mzee aliisifu sana Marie. Mimi naisifia ufungaji tu, maana wapagazi wale walibebeshwa vita visivyo vyao, na majina yao hayamo kwenye orodha yoyote niliyoiona.

Basi mkikabidhiwa karatasi, anzeni kusoma na bandari ya mwisho, mrudi nyuma. Na pale mtakapoona kituo msichokijua, msikisie: mpigieni simu karani wa huko, mumuulize winchi yake inainua tani ngapi.