Maswali ya Michezo: Kiungo Mkabaji Apimwe kwa Kipi?

SWALI: Mhariri, kila tunapomzungumzia Victor Wanyama hapa kijiweni, vijana hulikumbuka bao lake dhidi ya Barcelona na hawana jingine la kusema. Je, kiungo mkabaji asiyefunga mara kwa mara apimwe kwa kipi, na kwa nini nyota ya Wanyama ilififia mapema kule Tottenham? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Ndugu msomaji, vijana wako hawana kosa, kwani bao lile halisahauliki. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2012 mjini Glasgow, kona ya Charlie Mulgrew ilielea hadi nguzo ya mbali, Wanyama akaruka na kuutia mpira wavuni kwa kichwa, na timu yake, Celtic ya Uskoti, ikatangulia katika mchezo ilioushinda kwa mabao 2-1. Hata hivyo, Barcelona waliumiliki mpira karibu usiku kucha, na muda huo wote Wanyama alikuwa mbele ya mabeki wake akiziba njia za pasi, kazi ambayo kamera haziirudii.

Kwa maoni yangu, kiungo wa aina hii apimwe kwa uhuru anaowapa wenzake. Msimu wa 2016/17 ndio ushahidi wangu. Mauricio Pochettino, aliyekuwa amemfundisha Southampton, alimsajili Tottenham, timu ambayo mabeki wake wa pembeni, Kyle Walker na Danny Rose, walipanda mbele kama mawinga. Mpira ulipopotea, aliyekimbilia mwanya walioacha nyuma mara nyingi alikuwa Wanyama. Alicheza mechi 36 za ligi, na Tottenham ikamaliza ya pili kwa pointi 86 ikiwa imefungwa mabao 26 tu, machache kuliko timu nyingine yoyote. Yeye alifunga manne, kwa hiyo anayesoma orodha ya wafungaji peke yake atalipita jina lake bila kusimama.

Kuhusu kufifia, jibu ni goti. Aliumia mwanzoni mwa msimu wa 2017/18 na kukaa nje kwa miezi kadhaa. Kiungo mchezeshaji anaweza kulificha goti bovu kwa pasi nzuri, lakini mkabaji huishi kwa kugeuka ghafla na kuuwahi mpira, na akichelewa nusu hatua tu, anacheza rafu. (Hata alipokuwa mzima kuchelewa kulimgharimu: msimu wa 2015/16 akiwa Southampton alitolewa kwa kadi nyekundu zaidi ya mara moja.) Alirudi na kuifunga Liverpool kwa lile kombora uwanjani kwao Anfield, Februari 2018, lakini nafasi yake katika kikosi cha kwanza haikuwa tena ya uhakika. Mei 2019, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Ajax mjini Amsterdam, alianza. Tottenham walipokwenda mapumzikoni wakiwa nyuma kwa mabao 2-0 na wakihitaji mabao, akatolewa ili mshambuliaji Fernando Llorente aingie.

Usisahau pia alikotoka. Baba yake, Noah, aliichezea AFC Leopards, na kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010. Victor mwenyewe alipita Ubelgiji, akaenda Celtic mwaka 2011, na Southampton walipomnunua kwa pauni milioni 12.5 mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2019 aliiongoza Harambee Stars akiwa nahodha katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri.

Baada ya Tottenham alicheza Montreal, Kanada, kuanzia mwaka 2020. Mwaka 2025 alirudi Uskoti kwa muda mfupi kuichezea Dunfermline, chini ya Neil Lennon, kocha yule yule aliyempanga usiku wa Barcelona.