Sinia lililokuwa kwenye simu yake

Kamwene wasomaji wenzangu, naandika kutoka Mbeya ila nimekulia Mufindi. Swali la wiki hii mmeuliza ni mwanamichezo gani, asiye wa mpira wa miguu, tunamheshimu hata kama hajabeba lile kombe analolitaka kuliko yote. Mimi jibu ninalo siku nyingi, ni Ons Jabeur, yule dada wa Tunisia wa tenisi.

Baba alikuwa anafyeka nyasi kwenye klabu ya shamba moja la chai, pale kulikuwa na kiwanja cha tenisi na sisi watoto wa kambini tulikuwa tunaokota mipira, alafu ile iliyoisha manyoya ikabaki kipara ndo tunapewa. Kopo jipya likifunguliwa linatoa psss kama soda, tunagombania kunusa. Sasa kule juu hewa ni nyepesi, mpira mpya ukiutandika unaenda kutua kwenye chai, yaani mpaka wenye sheria za tenisi duniani wameruhusu mipira maalum kwa viwanja vilivyo zaidi ya mita 1,219 juu ya usawa wa bahari, na hapa Mbeya tuko kwenye 1,700 hivi. Sisi mipira ya hivo hatukuiona, kwa hiyo tulijifunza kuubembeleza: unanyanyua raketi kama unataka kupasua, mwenzio anarudi nyuma kujiandaa, alafu unaukata taratibu kwa chini unadondokea ng'ambo ya neti palepale. Hiyo ndo dropshoti. Siku namuona Jabeur kwenye tivii anaupiga hivohivo mbele ya wadada wanaotandika mipira kama nyundo, nilisimama nikapiga kelele peke yangu sebuleni.

Amezaliwa 1994 Ksar Hellal, akakulia Sousse, mama yake ndo alimuingiza kwenye tenisi akiwa na miaka 3. Klabu yao haikuwa na viwanja vyake, walikuwa wanafanyia mazoezi kwenye viwanja vya mahoteli, na hapo ndo aliponishika kabisa maana hata sisi kile kiwanja hakikuwa chetu. Mwaka 2011 akiwa na miaka 16 akachukua ubingwa wa wasichana kule French Open, mashindano makubwa ya Ufaransa. Ungedhani ndo katoka, lakini kuingia mia bora ya wakubwa ni mpaka 2017, miaka sita aisee. Na watu hawajui hiyo miaka inaliwaje, mchezaji wa tenisi hana klabu inayomlipa mshahara mwisho wa mwezi, tiketi ya ndege juu yake, hoteli mara nyingi juu yake, kocha juu yake, ukitolewa raundi ya kwanza unaondoka na kidogo na hizo gharama zinakusubiri. Alafu pointi za kukupanga namba duniani zinahesabiwa wiki 52 tu, ulizopata mwaka jana wiki kama hii zinafutwa, inabidi uzitafute upya. Mkulima wa viazi wa Uyole ananielewa hapa.

Akavumilia. 2020 robo fainali Australia, mwanamke wa kwanza Mwarabu kufika hatua hiyo kwenye mashindano makubwa, 2022 akachukua ubingwa wa mashindano ya Madrid, mwezi wa sita akawa namba 2 duniani. Mwaka huohuo akaingia fainali ya Wimbledon, yale mashindano makubwa ya London, na kwenye simu yake alikuwa ameweka picha ya lile sinia wanalopewa mabingwa wa kike, kila akiishika simu analiona. Akashinda seti ya kwanza, mpinzani wake Rybakina akachukua mbili zilizobaki. Mwezi wa tisa fainali ya US Open, Swiatek akamfunga.

Lakini ya 2023 ndo sijaisahau. Karudi Wimbledon, robo fainali akamtoa Rybakina huyohuyo, nusu fainali akamtoa Sabalenka, fainali tarehe 15 Julai anakutana na Vondrousova ambaye hata kwenye orodha ya wachezaji bora wanaopangiwa nafasi mapema hakuwemo. Saa kumi jioni, baridi ya Julai mnaijua, nimejifunika blanketi dukani simu nimeiegemeza kwenye debe la mchele. Anaongoza gemu 4-2, seti ikaenda 6-4 kwa mwenzake, seti ya pili anaongoza 3-1, nayo ikaenda 6-4. Wateja wanakuja nawaambia ngojeni kidogo. Akasimama na kile kisahani cha mshindi wa pili machozi yanamtoka, akasema ni kipigo kilichomuuma kuliko vyote alivyowahi kupata, na mimi nikalia jamani, nililia kweli, kwa sababu ile si bahati mbaya ya siku moja, ni mtu aliyekwenda kuligusa lile sinia mara mbili mfululizo na mara zote mbili likapewa mwingine mbele ya macho yake.

Julai 2025 akatangaza anapumzika, kwamba kiukweli uwanjani hana furaha tena siku nyingi. Wapo waliomwita muoga. Mimi namuheshimu zaidi kwa kulisema.

Binti yangu ana miaka 9, nimemnunulia raketi ya mtumba sokoni Mwanjelwa na ukuta wa nyuma nimechora mstari wa chaki sentimita 91, usawa wa katikati ya neti. Juzi tulikuwa tunacheza uwanjani kwa jirani, akanyanyua raketi juu kabisa nikarudi nyuma, akaukata. Ulidunda mara mbili sijafika.